Populizimu ni nini? Mpaka wa Busia na Tororo na swali la nani ni mwananchi

Neno populizimu limetumiwa kuwaeleza viongozi wasiofanana kwa itikadi wala kwa asili: Donald Trump wa Marekani, hayati Hugo Chávez wa Venezuela, Viktor Orbán wa Hungary, Rais William Ruto wa Kenya na Robert Kyagulanyi wa Uganda, anayefahamika zaidi kama Bobi Wine. Wanazuoni wa siasa, historia, uchumi, sosholojia na sheria wangali wanabishana juu ya maana yake. Historia ya Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, inaonyesha kwa nini ubishi huo una uzito. Hapo, jibu la swali la nani ahesabiwe kuwa mwananchi limewahi kuamua nani abaki na duka lake, nani abaki na kazi yake, na nani afungashe virago.

Tangazo lililotolewa Tororo

Tarehe 4 Agosti 1972, Rais Idi Amin aliwahutubia wanajeshi katika kambi ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Aliwatangazia kwamba Waasia waliokuwa na pasi za Uingereza wangetakiwa kuihama nchi, akiwatuhumu kuuhujumu uchumi. Muda waliopewa ulikuwa siku 90. Katika wiki zilizofuata amri hiyo ilipanuliwa. Hata Waasia waliokuwa raia wa Uganda walilazimika kupanga foleni kuthibitisha uraia wao, na wengi waliambiwa kuwa hati zao si halali. Kufikia Novemba mwaka huo makumi ya maelfu walikuwa wameondoka, na takriban 28,000 kati yao walipokelewa Uingereza.

Miongoni mwa waliofukuzwa alikuwamo Mahmood Mamdani, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wanazuoni wanaoheshimika zaidi barani Afrika. Mwaka 1973 alichapisha kitabu kuhusu safari yake ya kutoka kuwa raia hadi kuwa mkimbizi.

Amin aliiita hatua hiyo vita vya uchumi, na haikuzuka bila chanzo. Chini ya utawala wa Waingereza, biashara ya jumla na uchambuaji wa pamba vilikuwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa Waasia na Wazungu, na Waafrika waliotaka kuingia humo walikutana na vikwazo. Mwaka 1959 wafanyabiashara na wakulima wa Buganda, wakiongozwa na Augustine Kamya, walikuwa tayari wamesusia maduka ya Waasia. Kinyongo kilikuwepo kabla ya Amin. Yeye alikipa jina, adui na tarehe ya mwisho.

Kilichofuata kinajulikana vyema mpakani. Biashara, mashamba na mali nyingine zipatazo 5,655 ziligawiwa upya, na sehemu kubwa iliangukia kwa maofisa wa jeshi na watu waliokuwa karibu na utawala. Waganda wenyewe waliliita tabaka hilo jipya mafuta mingi. Sukari, sabuni na chumvi viliadimika madukani, na biashara ya magendo ikashamiri katika njia za kuelekea Kenya. Mwanasayansi wa siasa Nelson Kasfir, aliyeichunguza magendo ya Uganda, aliiona kuwa uwanja ambamo tabaka jipya lilijijenga, likilindwa na wale wale waliokuwa na wajibu wa kuizuia.

Neno lenye safari ndefu

Asili ya neno populizimu haiko Afrika. Nchini Marekani, wakulima waliolemewa na madeni na gharama za reli waliunda Chama cha Watu, kilichoshiriki uchaguzi wa rais mwaka 1892. Nchini Urusi, katika miaka ya 1870, vijana wasomi waliojiita Narodniki walikwenda vijijini wakiamini kwamba wakulima ndio roho ya taifa. Argentina ilimchagua Juan Perón mwaka 1946 kwa kura za wafanyakazi wa mijini waliojiona wametengwa.

Mwaka 1967 wanazuoni walikutana London kujaribu kukubaliana juu ya maana ya neno hilo, na hawakufanikiwa. Kitabu kilichotokana na mkutano huo, kilichohaririwa na Ghita Ionescu na Ernest Gellner na kuchapishwa mwaka 1969, kina sura kuhusu Afrika iliyoandikwa na John Saul, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Dar es Salaam. Kwa hiyo Afrika Mashariki imekuwamo katika mjadala huu tangu mwanzo wake.

Kwa Kiswahili, zimejaribiwa tafsiri kama siasa za umaarufu au siasa za kuupendeza umma. Zote mbili humtazama kiongozi na hila zake, kana kwamba umma wenyewe ni hadhira tu. Wanazuoni wengi leo wangesema hiyo ni nusu ya habari.

Kila fani na jicho lake

Maana inayotumika zaidi katika sayansi ya siasa ilipendekezwa mwaka 2004 na Cas Mudde wa Uholanzi. Kwake, populizimu ni itikadi nyembamba inayoigawa jamii katika makundi mawili: umma safi na wakubwa wafisadi. Inadai pia kwamba siasa iwe utekelezaji wa matakwa ya umma huo. Itikadi hii ni nyembamba kwa sababu haitoshi kuendesha nchi, kwa hiyo hujiegemeza kwenye nyingine. Ndiyo maana kuna populizimu ya mrengo wa kushoto inayoegemea ujamaa, na ya mrengo wa kulia inayoegemea utaifa.

Jan-Werner Müller, Mjerumani anayefundisha Chuo Kikuu cha Princeton, anaongeza sharti jingine. Katika kitabu chake cha mwaka 2016 anaeleza kwamba kuwakosoa wakubwa hakumfanyi mtu kuwa mpopulisti, kwani hiyo ni kazi ya kila mpinzani. Alama yenyewe ni madai kwamba kiongozi huyo peke yake ndiye anayeuwakilisha umma wa kweli. Kutoka hapo, anayempinga huacha kuwa mwananchi mwenye maoni tofauti, akawa msaliti au mgeni.

Ernesto Laclau wa Argentina alilitazama jambo hilo kutoka upande mwingine. Katika kitabu chake cha mwaka 2005 alisema kwamba umma haupo mahali fulani ukisubiri kuwakilishwa. Huundwa pale madai mengi yasiyojibiwa, ya maji, ya kodi, ya ajira, ya ardhi, yanapounganishwa chini ya jina moja. Kwake, populizimu si maradhi ya demokrasia. Ni njia ambayo siasa hutumia kuwapa sauti waliokuwa hawasikiki.

Wengine huacha itikadi na kutazama vitendo. Kurt Weyland, mwaka 2001, aliieleza kuwa mkakati wa kiongozi anayetafuta kuungwa mkono moja kwa moja na watu wengi wasio na chama wala jumuiya imara. Benjamin Moffitt, mwaka 2016, aliieleza kuwa mtindo unaoonyeshwa jukwaani na kwenye vyombo vya habari: lugha ya mtaani, dharau kwa adabu za kisiasa na mazungumzo ya dharura isiyokwisha.

Tangazo la Tororo linaonyesha jinsi maana hizi zinavyotofautiana. Kwa kipimo cha Weyland, Amin haingii kirahisi, kwa sababu alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya Januari 1971 na kutegemea bunduki. Kwa kipimo cha Müller, madai ya kuusemea umma wote na kuwatoa wengine ndani yake yapo wazi. Mudde naye hutenganisha chuki dhidi ya wakubwa na siasa za uzawa, ambazo humtambua adui kwa kuzaliwa kwake. Mwaka 1972 mambo hayo mawili yalifungwa katika kifurushi kimoja: mwenye duka dogo wa Kiasia alihesabiwa kuwa mkubwa kwa sababu tu ya asili yake.

Wanahistoria huuliza swali tofauti: kwa nini watu walikubali? Derek Peterson, ambaye amefanya utafiti wa muda mrefu katika nyaraka za utawala wa Amin, anaeleza jinsi redio na kampeni za serikali zilivyowafanya watu wengi wa kawaida wajione kuwa askari katika vita vya ukombozi. Utawala huo uliua, lakini pia uliwapa watu wa chini hisia kwamba kazi zao ndogo zina maana ya kitaifa. Maelezo hayo hayaufanyi ukatili kuwa mdogo. Yanaonyesha tu kwamba populizimu hukua kwa mikono ya wengi.

Wachumi, kwa upande wao, hufuatilia nani hulipa gharama. Rudiger Dornbusch na Sebastian Edwards, waliochunguza Amerika ya Kusini mwaka 1991, walibaini mzunguko unaojirudia: nafuu ya haraka, kisha uhaba na mfumuko wa bei, na mwishowe wanaoumia zaidi ni wale walioahidiwa kuokolewa. Dani Rodrik anauhusisha wimbi la miaka ya karibuni na utandawazi uliowatajirisha baadhi na kuwaacha wengine. Pippa Norris na Ronald Inglehart, mwaka 2019, walisisitiza badala yake hasira za kitamaduni za watu wanaohisi kwamba maadili waliyokulia yanadharauliwa.

Wananchi na wenyenchi

Kiswahili kina msamiati wake wa mgawanyiko huu, na baadhi yake ni wa zamani kuliko nadharia nyingi zilizotajwa. Baada ya uhuru, watumishi wakubwa wa serikali waliopanda magari ya Mercedes-Benz waliitwa wabenzi. Nchini Kenya, watu hutania kwamba nchi ina makabila mawili tu, wananchi na wenyenchi. Nchini Tanzania, hayati Rais John Magufuli alijitambulisha kuwa mtetezi wa wanyonge.

Mwaka 2022, William Ruto alifanya kampeni kwa jina la mahasla, yaani wanaohangaika kutafuta riziki, dhidi ya familia za kifalme za siasa za Kenya, akimaanisha ukoo wa Kenyatta na wa Odinga. Alama ya chama chake ilikuwa wilbaro. Alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya asilimia 48.85 za hayati Raila Odinga, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Naibu Rais kwa karibu miaka kumi.

Busia ilikuwa kipimo kizuri cha ujumbe huo. Mji huu ndio unaotajwa sana kuwa chimbuko la boda boda, jina lililotokana na waendesha baiskeli waliowavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka katika miaka ya 1960. Kama kuna mahali palipojaa mahasla, ni hapa: wapagazi, wabadilishaji fedha, wachuuzi wa nafaka na samaki. Hata hivyo Kaunti ya Busia ilimpa Odinga kura nyingi zaidi kwa tofauti kubwa. Jina la tabaka halikutosha kufuta uaminifu wa miaka mingi kwa chama na eneo.

Nic Cheeseman na Miles Larmer walikwisha kulieleza jambo hilo mwaka 2015, walipolinganisha Kenya na Zambia. Katika nchi zenye makabila mengi, walisema, wanasiasa huchanganya ujumbe wa umma na mtandao wa kikabila, na mchanganyiko huo hufanikiwa au kushindwa kulingana na jamii zilivyopangika. Danielle Resnick, katika kitabu chake cha mwaka 2014, alionyesha kuwa vyama vya aina hiyo hutumia lugha ya umaskini mjini na lugha ya ukabila vijijini.

Uganda nayo ina sura zake. Giovanni Carbone aliandika mwaka 2005 kuhusu utawala wa Yoweri Museveni bila vyama kama mfano wa populizimu barani Afrika: Vuguvugu lilidai kuwa mali ya Waganda wote, na vyama vikaonekana kuwa chanzo cha mgawanyiko. Miaka kadhaa baadaye, Kyagulanyi alimgeuzia Museveni lugha ileile ya nguvu ya umma, na katika uchaguzi wa 2021 akatangazwa kupata takriban asilimia 35 dhidi ya asilimia 58 za rais.

Si kila anayetaja wanyonge huingia katika kundi hili. Dan Paget, mtafiti wa siasa za Tanzania, alisema kwamba Magufuli alidhaniwa kimakosa kuwa mpopulisti. Kwa maelezo yake, Magufuli hakuwataka wanyonge watawale. Alijionyesha kuwa kiongozi wa juu anayewalinda kutokana na wafisadi wa ngazi za kati.

Mpaka uliopita katikati ya watu

Nadharia zote hizi huchukulia kwamba tayari inajulikana umma ni wa nchi gani. Busia na Tororo haziruhusu wepesi huo. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya himaya ambayo baadaye ikawa Kenya. Iteso na Wasamia wakajikuta pande zote mbili za mstari. Ukoo wa Awori ni mfano unaojulikana zaidi: Moody Awori alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya, na mdogo wake, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001 na baadaye akawa waziri huko.

Kwa watu kama hao, maana ya mwananchi imebadilika kufuatana na matamshi ya watawala. Oktoba 1970, serikali ya Milton Obote iliwafukuza wafanyakazi wa Kenya wapatao 30,000 kutoka Uganda, ili nafasi zao zichukuliwe na Waganda. Februari 1976, Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ardhi ya Uganda. Katika muda usiotimia miaka sita, jirani wa ng'ambo alikuwa mgeni wa kufukuzwa, kisha ndugu aliyeporwa.

Sheria nayo huchora mistari yake. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawatambua kuwa raia kwa kuzaliwa watu wa jamii za asili zilizokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimeorodheshwa katika jedwali. Iteso, Wasamia na Jopadhola wamo. Waasia hawamo, hata wale ambao familia zao zimeishi Uganda kwa vizazi kadhaa, na baadhi yao wameomba waingizwe. Kenya ilichukua njia nyingine mwaka 2017, ilipowatambua rasmi Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la nchi.

Swali hilo hushuka pia hadi ngazi ya wilaya. Uganda ilikuwa na wilaya 33 mwaka 1986, na leo inazo zaidi ya 130. Kwa miongo kadhaa, Iteso wa Tororo wamedai wilaya yao, na Jopadhola wamepinga kuupoteza mji wa Tororo ambao pande zote mbili huuona kuwa wao. Kila kampeni inapowadia, ahadi ya wilaya mpya hutolewa kwa jina la wananchi, na kila mara wananchi wa upande mmoja huwa tatizo la wananchi wa upande wa pili.

Dawa au sumu?

Cas Mudde na mwenzake Cristóbal Rovira Kaltwasser wamesema kwamba populizimu yaweza kuwa tishio kwa demokrasia na pia marekebisho yake. Inapokuwa upinzani, huweza kuyaibua malalamiko yaliyopuuzwa. Inapoingia madarakani, huelekea kuziona mahakama, vyombo vya habari na tume za uchaguzi kuwa vizuizi kati ya kiongozi na umma wake.

Hata hivyo, kuusemea umma hakulazimu kupita njia hiyo. Okiya Omtatah, aliyechaguliwa kuwa Seneta wa Busia mwaka 2022, alijulikana kwanza kwa kufungua kesi za maslahi ya umma. Alikuwa miongoni mwa walioipinga Sheria ya Fedha ya Kenya ya mwaka 2023. Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo Oktoba mwaka huohuo. Malalamiko yalikuwa yaleyale yaliyobebwa mabarabarani, kuhusu kodi na gharama za maisha. Tofauti ni kwamba mahakamani kila upande hupewa nafasi ya kujibu, na anayeshindwa hubaki kuwa mwananchi.

Uamuzi wa nani anastahili riziki ya nchi bado ni jambo la leo. Julai 2025, Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za uwakala wa fedha kwa simu, saluni na ufundi wa simu. Hatua hiyo ililalamikiwa nchini Kenya, ikitajwa kuwa inakwenda kinyume na soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambalo itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010. Waliounga mkono walisema ni haki ya wazawa kulindwa na ushindani wasioumudu. Hoja zote mbili zina watu halisi nyuma yake, na hakuna nadharia inayoweza kuamua kati yao bila kuuliza ni nani hasa atakayeipata nafasi iliyoachwa wazi.

Mjini Busia, kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wa Kenya na Uganda, na mchuuzi mwenye bidhaa za asili ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani anaweza kutumia utaratibu rahisi wa forodha. Kwa mwanamke anayevusha magunia mawili ya mahindi, huo ndio uraia unaoonekana: kanuni iliyoandikwa, inayomhusu bila kujali amezaliwa upande gani. Kanuni za aina hiyo hazishangiliwi katika mikutano ya hadhara. Lakini historia ya mpaka huu inaonyesha hali ilivyokuwa pale zilipokosekana, na hatima ya maelfu ya watu ikaachwa itegemee tamko la mtu mmoja.